SURA YA NANE: Makongamano ya Majira ya Joto ya Wanawake Wafanyakazi Nchini Marekani

Utangulizi

Habari ya ufahamu haichagui nchi. Leo unaweza kupewa habari ya wavuvi wa Ziwa Tanganyika, kesho ukapewa habari ya washona nguo wa New York. Anayekwama si yule asiyeijua nchi hiyo, bali ni yule asiyejua kutenganisha sababu, lengo, njia na matokeo. Habari ya sura hii imechaguliwa kwa sababu mambo hayo manne yamo yote, tena yanakaribiana kiasi cha kumpoteza msomaji mwenye haraka.

Baada ya kusoma sura hii unatarajiwa uweze:

(a) kueleza maana ya kongamano na shule ya majira ya joto kwa wanawake wafanyakazi;
(b) kutaja na kufafanua sababu zilizoleta makongamano hayo;
(c) kueleza namna wanawake wenyewe walivyobadili uendeshaji wake;
(d) kujadili matokeo yake bila kuyakuza wala kuyapunguza;
(e) kufupisha habari na kuandika insha kutokana nayo.

Unaposoma kila sehemu, jiulize maswali mawili: *Nani analipa gharama? Nani anafanya uamuzi?* Maswali haya ndiyo ufunguo wa habari nzima.

8.1 Maana ya dhana

Nchini Marekani majira ya joto huwa kati ya Juni na Agosti. Katika miezi hiyo vyuo hufungwa, wanafunzi huenda makwao, na mabweni, maktaba na viwanja hubaki vitupu. Nafasi hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwakusanya wanawake waliofanya kazi viwandani.

*Kongamano la majira ya joto* lilikuwa mkusanyiko wa siku chache, mara nyingi kambini au kando ya ziwa. Wajumbe walijadili hali ya kazi, walisikiliza wazungumzaji, waliimba, walipumzika, kisha wakarudi makwao kutoa taarifa kwa wenzao.

*Shule ya majira ya joto* ilichukua majuma kadhaa na ilikuwa na masomo rasmi, walimu na maktaba. Kwa jumla makongamano yalitangulia na shule zikafuata, na mara nyingi mwanamke aliyeanzia kwenye kongamano ndiye aliyekwenda shule.

*Mwanamke mfanyakazi* katika habari hii ni yule aliyefanya kazi ya mikono au ya mashine kwa ujira, hasa kiwandani: mshonaji, mfuma nguo, mfungasha bidhaa, mfua nguo wa kulipwa. Usiandike katika jibu lako kwamba wanawake wengine hawakuwa wakifanya kazi. Hiyo si maana ya neno hili.

8.2 Chimbuko: sababu zilizoleta makongamano

*(i) Hali ngumu na ya hatari kazini.* Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya nguo vya New York vilijaa wasichana, wengi wao wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki na Waitaliano. Walishona kwa saa nyingi, siku sita kwa juma, kwa ujira mdogo. Novemba 1909 washonaji wa blauzi wapatao 20,000 waligoma jijini humo. Aliyesimama mkutanoni na kutaka mgomo uanze mara moja alikuwa Clara Lemlich, fundi cherehani kijana. Waajiri wengi walikubali baadhi ya madai, lakini si wote. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha Triangle, kilichokuwa ghorofa za juu za jengo. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, 123 kati yao wakiwa wanawake na wasichana.

*(ii) Kukatishwa masomo.* Wengi wa wafanyakazi hawa waliacha shule wakiwa bado watoto ili wasaidie nyumbani. Mgomo ulionyesha kwamba ujasiri hawakuukosa. Walichokosa ni ujuzi wa kuendesha mkutano, kusoma mkataba, kuielewa sheria na kujua bei ya bidhaa inavyopangwa. Aliyekaa upande wa pili wa meza ya majadiliano alikuwa na wanasheria na wahasibu.

*(iii) Mfano wa vyama vilivyotangulia.* Ligi ya Wanawake ya Vyama vya Wafanyakazi iliundwa mwaka 1903, ikiwaunganisha wafanyakazi na wanawake wenye uwezo waliowaunga mkono. Mwaka 1914 ligi hiyo ilianzisha mjini Chicago mafunzo ya kuwaandaa wanawake kuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi.

*(iv) Haki ya kupiga kura.* Mwaka 1920 katiba ya Marekani ilibadilishwa ili mwanamke asinyimwe kura kwa sababu ya jinsi yake. Baadhi ya wanawake wasomi walijiuliza: tumepata kura, je, mwenzetu wa kiwandani ataitumiaje bila muda wa kusoma gazeti?

Zingatia: Sababu ni jambo lililokuwapo *kabla*. Moto wa Triangle ni sababu. Elimu ya uchumi ni njia. Viongozi waliopatikana ni matokeo. Ukichanganya haya matatu, hoja zako zitapungua hata kama kila ulichoandika ni kweli.

8.3 Makongamano ya YWCA

YWCA ni chama cha wanawake vijana wa Kikristo ambacho hata leo kina matawi Tanzania na Kenya. Nchini Marekani chama hiki kilikuwa na vilabu vya wasichana wa viwandani katika miji mingi. Kiongozi wa kazi hiyo kitaifa alikuwa Florence Simms. Vilabu vilichagua wajumbe wao, nao wakakutana wakati wa majira ya joto katika makongamano ya viwandani.

Mwanzoni lengo lilikuwa mapumziko, hewa safi na mafundisho ya dini. Hilo halikuwa jambo dogo kwa msichana aliyeshinda mwaka mzima ndani ya vumbi la pamba. Hata hivyo, wajumbe walipokaa pamoja walianza kulinganisha: wewe unalipwa kiasi gani? Kwenu zamu huisha saa ngapi? Mshonaji wa mji mmoja aligundua kwamba shida aliyodhani ni yake peke yake ilikuwa ya wote. Mazungumzo yakahama kutoka "nivumilieje?" kwenda "kwa nini iko hivi?"

Kwenda kongamanoni kulikuwa na gharama. Kiwanda hakikutoa likizo yenye malipo, hivyo mjumbe alikosa ujira wa siku zile, na wengine walihofia kukuta nafasi zao zimechukuliwa. Waliokwenda walipiga moyo konde.

Mwaka 1920 mkutano mkuu wa kitaifa wa YWCA ulikaa mjini Cleveland. Wajumbe wa viwandani walisimama na kuwaomba wanachama waunge mkono tamko la makanisa kuhusu haki kazini, likiwamo suala la ujira unaotosha kuishi na haki ya wafanyakazi kujadiliana na mwajiri kwa umoja. Mkutano ulikubali. Mwaka 1921 waajiri wa Pittsburgh waliwahimiza wafadhili wasikichangie chama hicho kwa sababu ya msimamo wake. Hapa tunakutana kwa mara ya kwanza na swali letu: nani analipa, na je, anayelipa ndiye anayeamua? Safari hii YWCA haikuacha kazi yake ya viwandani.

8.4 Shule ya Bryn Mawr, 1921

Bryn Mawr ni chuo cha wanawake karibu na Philadelphia. Wanafunzi wake wengi walitoka familia zenye mali. Mkuu wake, M. Carey Thomas, alieleza kwamba wazo la kuwafungulia wafanyakazi milango ya chuo lilimjia akiwa safarini katika jangwa la Sahara. Alitaka majengo yaliyobaki matupu wakati wa likizo yatumiwe na wanawake wa viwandani.

Shule ilifunguliwa mwaka 1921 ikiwa na wanafunzi 82. Mkurugenzi wake alikuwa Hilda Worthington Smith. Mambo muhimu ya kukumbuka ni haya:

1. *Muda:* masomo yalidumu majuma manane.
2. *Walengwa:* wafanyakazi wa mikono na mashine. Wasimamizi wa kazi hawakupokelewa.
3. *Ada:* mwanafunzi alisoma kwa ufadhili uliochangwa na kamati za mikoani, vyama vya wafanyakazi na wahitimu wa vyuo.
4. *Masomo:* uchumi, lugha ya Kiingereza, historia, sayansi, saikolojia na afya.
5. *Kilichoachwa:* hakukuwa na somo la kushona wala la kupika. Hayo waliyajua. Shule haikukusudia kumfanya mfanyakazi awe fundi bora wa mwajiri, bali raia anayefikiri.

Njia ya kufundisha ilikuwa ya pekee. Mwalimu wa uchumi hakuanza na kitabu. Kila mwanafunzi alieleza kazi yake: anatengeneza nini, kwa saa ngapi, kwa ujira gani. Maelezo yalilinganishwa, kisha ndipo likaja swali la kwa nini blauzi moja imshonwe mtu kwa bei mbili tofauti katika miji miwili. Katika somo la lugha waliandika habari za maisha yao, na nyingi zilichapishwa katika jarida la shule, *Shop and School*. Mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba yeye ni mkono tu wa mashine aliona jina lake limepigwa chapa.

8.5 Wanafunzi wanaibadili shule

Watahiniwa wengi huandika kana kwamba wasomi walitoa na wafanyakazi wakapokea. Si kweli. Tazama mambo matatu.

*Kwanza, uendeshaji.* Katika majira ya kwanza, 1921, wanafunzi walidai sauti katika kuendesha shule. Walipewa: nusu ya nafasi katika kamati ya uendeshaji zikawa za wafanyakazi. Vilevile ilikubaliwa kwamba nusu ya wanafunzi wawe wanachama wa vyama vya wafanyakazi na nusu wasiwe, ili pande zote zisikike.

*Pili, watumishi wa chuo.* Wanafunzi waliofundishwa kuhusu saa nane za kazi waliona kwamba wanawake waliowapikia na kuwafagilia mabweni hawakuwa na saa nane. Walidai watumishi hao nao wapunguziwe saa. Somo la darasani likamgeukia mwenye darasa.

*Tatu, ubaguzi wa rangi.* Kwa miaka mitano ya mwanzo shule haikuwa na mwanafunzi mweusi hata mmoja. Wanafunzi wenyewe walitaka mlango ufunguliwe, na mwaka 1926 wanawake weusi walipokelewa. Wakati huo wanawake weusi wengi hawakuajiriwa viwandani kabisa. Walibaki kwenye kazi za nyumbani na kufua, hivyo hata sharti la "kazi ya kiwandani" liliwaacha nje.

8.6 Kuenea kwa shule

Mfano wa Bryn Mawr ulifuatwa haraka. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianza masomo ya wanawake wa viwandani mwaka 1925, kwa ushirikiano na YWCA. Mwaka 1927 Chuo cha Barnard, New York, nacho kilifungua milango.

Mwaka huohuo ilianzishwa Shule ya Majira ya Joto ya Kusini. Waanzilishi wake, Louise Leonard na Lois MacDonald, walikuwa wametumikia idara ya viwanda ya YWCA. Kusini kulikuwa na viwanda vingi vya pamba, na mwaka 1929 migomo mikubwa ilizuka huko, ikiwamo ya Gastonia na Elizabethton. Shule hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba haikuwa mali ya chuo chochote. Ilipanga majengo mahali pamoja mwaka huu na pengine mwaka ujao, ili pasiwepo mwenye nyumba wa kuiamuru. La pili ni upungufu wake: ilipokea wanawake weupe peke yao, ikifuata ubaguzi uliotawala Kusini. Shule inaweza kuwa huru mbele ya tajiri na bado ikawa mateka wa desturi.

8.7 Mdororo wa uchumi na kambi za wasio na kazi

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulifunga viwanda na kuwaacha mamilioni bila kazi. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha mwaka 1933 kambi za vijana wa kiume walioajiriwa kupanda miti na kujenga mabwawa. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi.

Je, wanawake wasio na kazi? Hilda Smith aliitwa Washington mwaka 1933 kusimamia elimu ya wafanyakazi. Yeye na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, walishinikiza wanawake nao wapewe kambi. Ya kwanza ilifunguliwa katika jimbo la New York mwaka huohuo, na Aprili 1934 mkutano ulifanyika Ikulu kulijadili suala hilo. Kambi zilitoa chakula, mapumziko na masomo, lakini hazikutoa mshahara kama ule wa wanaume. Zilipofungwa mwaka 1937 zilikuwa zimewahudumia wanawake wapatao 8,500. Kambi za wanaume zilipokea zaidi ya milioni mbili. Ukitaka kuonyesha tofauti ya jinsi katika jibu lako, takwimu hizi mbili zinatosha; huhitaji maneno makali.

8.8 Mgogoro wa Bryn Mawr, 1934–1938

Mwaka 1934 wafanyakazi wa mashamba ya Seabrook, New Jersey, waligoma. Baadhi ya walimu wa shule ya majira ya joto walikwenda kuona mgomo ule. Habari zilipowafikia wadhamini wa Chuo cha Bryn Mawr, lilizuka swali: je, shule inafundisha, au inachochea migomo?

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wadhamini walisema chuo kinaishi kwa michango, na jina lake lisitumiwe katika ugomvi wa waajiri na wafanyakazi. Shule ilijibu kwamba huwezi kumfundisha mtu uchumi wa viwanda kisha ukamkataza kutazama kiwanda. Mwaka 1935 shule haikufanyika chuoni. Ilirudi mwaka 1936, lakini uhusiano haukuwa kama zamani, na majira ya mwaka 1938 yakawa ya mwisho pale.

Hapo ndipo methali yetu inapopata mahali pake: *nguo ya kuazima haisitiri maungo*. Wanawake hawa walikuwa na nusu ya kura katika kamati, lakini jengo halikuwa lao. Mwaka 1939 shule ilihamia West Park, kando ya Mto Hudson, katika nyumba ya familia ya Hilda Smith, ikaitwa Hudson Shore Labor School. Huko ilipokea na wanaume.

8.9 Matokeo

*(i) Viongozi.* Takriban wanawake 1,700 walipita Bryn Mawr peke yake. Mmoja wao ni Rose Pesotta, mshonaji mhamiaji, ambaye mwaka 1933 aliongoza mgomo wa washonaji Los Angeles na mwaka 1934 akawa makamu wa rais wa chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake, ILGWU.

*(ii) Walimu walijifunza pia.* Esther Peterson alifundisha Bryn Mawr katika miaka ya 1930. Miaka mingi baadaye, akiwa afisa wa serikali ya Rais John Kennedy, alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya mwaka 1963 ya malipo sawa kwa kazi sawa.

*(iii) Mchango katika sheria.* Mwaka 1938 Marekani ilipitisha sheria ya kima cha chini cha ujira na ukomo wa saa za kazi. Usiandike kwamba shule hizi ndizo zilizoileta. Ililetwa na migomo, vyama vya wafanyakazi, wabunge, na watu kama Frances Perkins, waziri wa kazi aliyekuwa ameushuhudia moto wa Triangle kwa macho yake. Jibu sahihi ni kwamba makongamano yaliandaa *baadhi* ya sauti zilizodai sheria ya aina hiyo.

*(iv) Uhusiano na Afrika Mashariki.* Elimu ya wafanyakazi ya Marekani ilifika kwetu kupitia watu. Maida Springer, mwanamke mweusi aliyezaliwa Panama mwaka 1910, alikuwa mshonaji New York na mwanachama wa ILGWU, chama kilichothamini sana elimu ya wanachama wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi na vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika na Kenya, akafahamiana na Julius Nyerere na Tom Mboya. Wakati huo Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, lililoundwa mwaka 1955 chini ya katibu mkuu Rashidi Kawawa, lilihitaji kile walichohitaji washonaji wa mwaka 1909: watu wanaojua kuendesha mkutano na kusoma mkataba.

8.10 Muhtasari wa tarehe

- 1903: Ligi ya Wanawake ya Vyama vya Wafanyakazi yaundwa.
- 1909: Mgomo wa washonaji 20,000, New York.
- 1911: Moto wa Triangle; watu 146 wafa.
- 1914: Mafunzo ya viongozi wanawake yaanza Chicago.
- 1920: Haki ya kura, mkutano mkuu wa YWCA Cleveland.
- 1921: Shule ya Bryn Mawr yafunguliwa.
- 1925: Wisconsin yaanza.
- 1926: Wanawake weusi wapokelewa Bryn Mawr.
- 1927: Barnard na Shule ya Kusini zaanza.
- 1933–1937: Kambi za wanawake wasio na kazi.
- 1934–1935: Mgomo wa Seabrook, shule yaondolewa chuoni kwa muda.
- 1938: Majira ya mwisho Bryn Mawr.
- 1939: Hudson Shore yafunguliwa.

8.11 Msamiati

- *Ujira:* malipo ya kazi, hasa ya siku, juma au kipande.
- *Mjumbe:* mtu aliyechaguliwa kuwakilisha wenzake mkutanoni.
- *Wadhamini:* watu waliokabidhiwa kulinda mali na jina la taasisi.
- *Mdororo wa uchumi:* kipindi ambacho biashara na kazi hupungua sana.
- *Kupiga moyo konde:* kujikaza na kuamua bila woga.

8.12 Maswali ya mazoezi

1. Tofautisha kongamano na shule ya majira ya joto.
2. Kwa nini shule ya Bryn Mawr haikufundisha kushona?
3. Taja mabadiliko matatu yaliyotokana na madai ya wanafunzi wa Bryn Mawr.
4. Eleza jinsi methali "nguo ya kuazima haisitiri maungo" inavyohusiana na sehemu ya 8.8.
5. Fupisha sehemu ya 8.8 kwa maneno yasiyozidi 60.
6. Andika insha ya hoja: "Elimu ya mfanyakazi haiwezi kuwa huru kama gharama zake zinalipwa na mtu mwingine." Jadili.

8.13 Mwongozo wa majibu

*Swali la 1.* Taja pande zote mbili kwa kila kigezo: muda (siku chache / majuma kadhaa), mahali (kambini / chuoni), shughuli (majadiliano na mapumziko / masomo rasmi). Kueleza upande mmoja tu si kutofautisha.

*Swali la 2.* Wanafunzi walikuwa mafundi tayari, na lengo la shule lilikuwa kukuza fikra na uraia, si kumwongezea mwajiri ufundi. Jibu lisilotaja lengo halijakamilika.

*Swali la 3.* Nusu ya nafasi katika kamati ya uendeshaji. Nusu ya wanafunzi kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Kupokelewa kwa wanawake weusi. Wanafunzi pia walidai watumishi wa chuo wapunguziwe saa za kazi.

*Swali la 4.* Anza na maana ya methali: kitu cha mtu mwingine hakikupi uhakika, kwa kuwa mwenyewe anaweza kukichukua wakati unakihitaji. Kisha ihusishe: shule ilitumia majengo ya chuo, na kutokea mgogoro wadhamini wakaiondoa. Wengi huishia kwenye maana na kusahau kuhusisha.

*Swali la 5.* Mfano wa ufupisho:

"Mwaka 1934 walimu wa shule ya majira ya joto walitembelea mgomo wa Seabrook. Wadhamini wa Chuo cha Bryn Mawr walihofia jina na michango ya chuo. Shule ilitetea uhuru wa kufundisha. Mwaka 1935 iliondolewa chuoni, ikarudi 1936, ikaondoka moja kwa moja baada ya 1938. Mwaka 1939 ilianza upya katika nyumba ya familia ya Hilda Smith."

Angalia kwamba methali, mashamba na jimbo vimeachwa. Ufupisho hubeba hoja na kuacha mapambo.

*Swali la 6.* Unaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti. Anayekubali ana Bryn Mawr mwaka 1935. Anayekataa ana YWCA, iliyopingwa na waajiri wa Pittsburgh mwaka 1921 lakini ikaendelea na kazi, pamoja na wanafunzi wa mwaka 1921 waliopata nusu ya kamati ndani ya chuo cha matajiri. Anayeweka masharti ana Shule ya Kusini, iliyojitenga na vyuo lakini ikashindwa kujitenga na ubaguzi. Chagua upande mmoja katika aya ya kwanza, toa angalau hoja tatu zenye mifano na tarehe, itaje hoja ya upande wa pili na uijibu, kisha hitimisha bila kuleta jambo jipya. Msahihishaji hatazami umechagua upande gani. Anatazama kama umeusimamia.